Taarifa Aliyokataa Kuitia Sahihi

Dada yetu mpendwa, ambaye wazee aliowatunza walimwita Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, wote sasa marehemu.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1972. Baba alipopooza, kaka zake tukiwa vibaruani, yeye ndiye aliyebaki nyumbani kumwogesha na kumlisha. Enzi hizo mgonjwa alikuwa wa nyumba nzima. Siku hizi ni namba ya kitanda.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee, akastaafu 2013. Hakumgusa mtu kabla ya kumwomba ruhusa, hata asiyeweza kujibu. "Bibi, tuanze mkono upi?" aliuliza, kisha akangoja. Wenzake walimcheka: "Wewe utamaliza kuwaogesha kesho kutwa!"

Aliolewa mwaka 1983 na seremala, shemeji yetu, ambaye alikuwa akilalamika kwa wageni: "Mwenzenu hata kufunikwa shuka, kwanza naulizwa!"

Tarehe 17 Agosti 1996 alimkuta bibi mmoja, aliyepoteza usemi kwa kiharusi, amefungwa kwenye kiti kwa shuka, vifundo vya mikono vimechubuka. Alimfungua, akaandika alichokiona. Msimamizi akamletea taarifa nyingine atie sahihi, kwamba bibi aliteleza bafuni. Alikataa, akafukuzwa siku hiyohiyo. Mimi, kaka yake mkubwa, nilimwambia, "Tia sahihi, mama, una watoto." Akanijibu, "Kaka, yule bibi hana mdomo mwingine ila huu wangu." Alikaa miezi kumi na minne akifulia watu nguo, mpaka wakaguzi walipokuja, wakapiga marufuku kufunga wazee, naye akarudishwa kazini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alifariki Jumanne, tarehe 2 Machi 2021, saa nne asubuhi, mikononi mwa binti yake mkubwa.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, nami kaka yake.

Juzi ofisi ya nyumba ile ya wazee ilileta rambirambi, na ombi kwamba wasifu huu useme mwaka 1996 alichukua likizo kwa hiari yake. Mleta ujumbe alisema, "Mzee, ni mstari mmoja tu." Nimemwambia arudi nao alikotoka. Mdogo wangu, nimechelewa miaka ishirini na mitano.

Apumzike kwa amani, yeye ambaye hakuuza amani ya mwenziwe.