Historia ya Dada Yetu Msahihishaji, na Upole Uliomshinda

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu wa kuachiana ziwa, nasoma kwa niaba ya familia, na mnisamehe nikipandisha sauti.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga, akaanza shule ya msingi Januari 1968, ambako alimsahihisha mwalimu ubaoni, akaambiwa aache ujuaji, akarudi nyumbani ameapa kuwa mpole, na kiapo hicho alikirudia kila mwaka mpya kwa miaka hamsini, akituchosha sisi sote.

Tarehe 2 Februari 1980 aliajiriwa na kiwanda cha uchapaji, akisahihisha kazi kabla ya kuchapwa, wenzake wakambatiza Koma, kwa ile alama na kwa jinsi alivyowakemea, jina alilolililia chooni. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi jalada wa hapohapo, wakajaliwa mabinti wawili, 1986 na 1989.

Mei 1993 ilipita mezani kwake kadi ya binti wa meneja, "Mnaalikwa kwenye sherehe ya doa", akaiona, nasema akaiona, akanyamaza asionekane msumbufu, kadi mia nne zikagawiwa, bibi harusi akalia wiki nzima. Badala ya kujifunza, dada akahitimisha kwamba angekuwa mpole wa kweli asingeliona kosa lenyewe. Jamani!

Oktoba 2021 figo zilianza kumsumbua, na mapema mwezi huu, akiwa wodini, alijizuia weee, mwisho akafoka, "Nesi, hiyo dawa ni ya kitanda cha sita!" na kweli ilikuwa ya kitanda cha sita, nesi akamshika mkono, akamwambia, "Mama, usiache kuwa hivyo."

Kesho yake akaagiza nimletee historia hii, aliyoniambia niiandike tangu alipougua, aipitie, nami nilikuwa nimeandika "marehemu alikuwa mpole", akalikata neno kwa wino mwekundu, akaandika "msumbufu", akacheka mpaka wagonjwa wakageuka. Kinachoniuma ni kwamba alijifurahia siku kumi na moja tu, akafariki tarehe 19 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, manesi, majirani na wafanyakazi wa kiwandani, mliomvumilia kuliko yeye alivyojivumilia.

Pumzika kwa amani, dada msumbufu, na ukiona kosa huko, sema.