Ng'ombe Aliyekamuliwa wa Kwanza

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu viongozi wa kijiji, wafiwa wenzangu, nimetumwa na ukoo nisimame hapa kumzungumzia Lukasi, na naomba mniwie radhi nikipotea njiani, kwa sababu hata sasa jeneza likiwa mbele yangu akili inanikatalia, mtu tuliyemwona Ijumaa ya wiki iliyopita akikata majani ya ng'ombe bondeni huku akipiga mluzi, leo Jumamosi tunamzika. Mimi ni Hezroni Kiondo, fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge kule chini Kisiwani, nimemuoa dada yake Justa, kwa hiyo marehemu ni shemeji yangu. Kwa nini wazee wamenikubalia mimi, na si mmoja wa Wambwambo wenyewe, mtalielewa nikifika mbele.

Ndugu Lukasi Melkizedeki Mbwambo alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa hapa Mbaga, katika nyumba ile ile tuliyomtoa asubuhi hii, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Melkizedeki na marehemu mama yetu Eliakunda, akabatizwa Pasaka ya mwaka uleule, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1946, kisha sekondari Moshi, na mwaka 1958 akaenda Mpwapwa kusomea mifugo, jambo ambalo baba yake hakulipenda hata kidogo, kwani alitaka mwanawe awe mwalimu na alisema hadharani kwamba hakumlipia mtu ada ili akashike mikia ya ng'ombe. Lukasi alicheka tu, alikuwa mtu wa kucheka, akaenda.

Alianza kazi serikalini mwaka 1960 kama msaidizi wa mifugo, na uhuru ulipopatikana Desemba 1961 ulimkuta Same, akichanja ng'ombe wa wafugaji wa tambarare, na alipenda kutusimulia jinsi bendera ilivyopandishwa yeye akiwa na samadi mpaka magotini. Mwaka 1964 alipata nafasi ya masomo Denimaki, akakaa huko miaka mitano, akarudi mwaka 1969 akiwa daktari kamili wa mifugo na kupangiwa maabara ya mifugo Arusha. Kitu alichokisomea huko kilitushangaza sote, maana alisomea urithi wa vijidudu, vile vinavyosababisha ugonjwa wa kiwele, ambapo chuchu huvimba, kiwele kikawa kigumu na maziwa yakatoka na mabonge. Tulimuuliza kitu kisichoonekana kwa macho kinarithi nini, mashamba au migomba, naye akatueleza taratibu, kama kawaida yake, kwamba kijidudu nacho kina ukoo, kinazaa watoto wanaofanana nacho, na kama mzazi amejifunza kuivunja penisilini basi watoto wote watazaliwa wakijua kuivunja, na kibaya zaidi kijidudu kinaweza kumgawia jirani yake ujuzi huo bila hata kuzaana naye. Justa wangu alisema basi hivyo vina umoja kuliko sisi, na Lukasi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa takatifu na Bi Rahabu, ambaye tunaye hapa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Asheri na Jenoveva. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, mimi nikamuoa Justa, na kati ya vitu nilivyoleta kwa mahari alikuwemo mtamba mmoja chotara, mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, nilimpandisha mlima huu mwenyewe kwa kamba kutoka Kisiwani, na Mzee akampa jina la Maua. Ng'ombe huyo mnamfahamu wote.

Mwaka 1974 Lukasi aliomba mwenyewe kurudishwa Same awe karibu na wazee, na mwaka 1975, kijiji chetu kilipojenga banda la pamoja la ng'ombe wa maziwa, Mzee Melkizedeki alikuwa wa kwanza kutoa ng'ombe wake, akamtoa Maua, wengine wote wakaona aibu kubaki nyuma, banda likajaa. Kwa heshima hiyo wakamuaji wakapanga kwamba Maua akamuliwe wa kwanza kila asubuhi, afutwe kiwele kwa kile kitambaa cheupe cha kijiji, na kitambaa hicho hicho, pamoja na maji yale yale ya moto, viende kwa ng'ombe wa pili, na wa tatu, mpaka mwisho wa banda. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Sabuni ilikuwa shida, na kitambaa kilikuwa kimoja, tukaona fahari kushirikiana hata hicho.

Ndipo viwele vikaanza kuharibika, kimoja baada ya kingine, penisilini ikachomwa bila kufua dafu, na Lukasi akachukua maziwa ya kila ng'ombe kwenye vichupa, akayapeleka Arusha kwa basi, kwa mwenzake wa zamani wa maabara, Bi Rogathe, ambaye naye yupo hapa. Majibu yalikuja kwamba vijidudu vya ng'ombe wote wagonjwa ni ukoo mmoja, wenye tabia moja, wote wanavunja penisilini, na ukoo huo huo umo ndani ya Maua, ambaye kwa nje alionekana mzima kabisa ila uvimbe mdogo kwenye chuchu ya nyuma kushoto. Ng'ombe wa heshima ndiye aliyekuwa akiwagawia wenzake kila asubuhi.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa moja, Maua aondolewe. Lakini Mzee alishika kwamba ng'ombe wa mahari ya binti hachinjwi wala hauzwi wakati ndoa bado imesimama, kumchinja ni kusema binti arudi nyumbani, na Lukasi, pamoja na elimu yake yote, hakutaka kumvunjia baba yake heshima. Aliomba walau Maua akamuliwe wa mwisho na awe na kitambaa chake, wakamuaji wakakataa, wakaona ni kumtukana mzee aliyetangulia kutoa. Basi akafanya alivyoweza, akamtoa bandani, akamrudisha nyumbani, akasema asiguswe na mtu mwingine, atamkamua yeye na maziwa atayamwaga. Amefanya hivyo mwaka mzima, jua na mvua. Banda la kijiji likapona.

Mimi sikujua, ndugu zangu. Lukasi alimkataza kila mtu asiniambie, akihofia nitajisikia vibaya kwamba mahari yangu ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Ijumaa tarehe 12 Agosti 1977, akikata majani, mundu ulimkata kidole gumba, jeraha dogo la kufunga na kitambaa, na jioni akamkamua Maua kama siku zote. Jumapili mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, Jumatatu tulimfikisha hospitali akitetemeka kwa homa, madaktari wakaanza kumchoma penisilini mara moja, kama ambavyo daktari yeyote angefanya, naye akafumbua macho, akamwambia daktari kwa upole, Rahabu akisikia kwa masikio yake:

"Hao hawataisikia hiyo, daktari. Nawafahamu, ni wa kwa Maua."

Daktari alimsikiliza, hakumdharau, akachukua usaha kidogo upelekwe Arusha kwa Bi Rogathe, akaagiza dawa nyingine kutoka Moshi, na gari likatumwa, na dawa ikafika. Ilifika Alhamisi tarehe 18, saa nne asubuhi. Lukasi alikuwa amekata roho saa mbili.

Jana mchana Bi Rogathe alishuka kwenye basi na majibu, akatuita wafiwa pembeni, akasema ni wale wale. Mtu aliyewajua kuliko sisi sote, akawafuata ukoo kwa ukoo akatuonyesha walikotoka, ndiye waliyemchukua, kwa jeraha la mundu, ndani ya siku sita. Mpaka sasa hatuamini.

Hapo ndipo niliposimuliwa habari yote ya Maua, na ndiyo maana nimeomba niisome historia hii mimi. Niliinuka mbele ya wazee, na maneno niliyoyasema nayarudia ili kanisa lote liwe shahidi: "Baba, ndoa yangu na Justa haiko kwenye kiwele cha ng'ombe. Aliyemleta ni mimi, na mimi namwondoa. Achinjwe, na Justa ni mke wangu hadi nife." Nikaomba asipelekwe mnadani Same, asije akauhamishia ukoo ule kwenye banda la mtu mwingine, bali kiwele kifukiwe chini kabisa.

Mzee Melkizedeki aliinuka polepole, akakataa kushikwa mkono, akaenda banda la nyumbani, akamfungua Maua kamba yeye mwenyewe, akamtoa achinjwe.

Kwa niaba ya ukoo tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, dereva aliyekwenda Moshi akarudi bila kula, wafanyakazi wenzake wa mifugo Same na Arusha, majirani mliotubebea maji na kuni, na kina mama wa kanisa. Tunamshukuru Bi Rahabu, ambaye jana alichukua makoti meupe ya mumewe, yale ya maabara, akayachana vipande, akavifua na kuvichemsha. Viko kwenye kikapu pale mlangoni. Mkitoka makaburini kila mwenye ng'ombe achukue, kila ng'ombe na kipande chake, na kesho asubuhi kabla ya kukamua tunawe mikono.

Shemeji, lala kwa amani. Kesho Maua hatakamuliwa, wa kwanza wala wa mwisho.