Gerold Häfele na Daraja Lake la Bati

Marehemu Gerold Häfele alizaliwa tarehe 4 Machi 1938 hapa Göppingen, mtoto wa kwanza wa fundi bati Albrecht na mkewe Rosine. Mdogo wake, Ewald, alifuata baada ya miaka mitatu. Gerold alisoma hapa hapa miaka minane. Mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba ana mikono mizuri, ila hufunika daftari kwa kiwiko, hata wakati wa kuchora.

Mwaka 1952 aliingia kiwanda cha vichezeo, akakunja bati la madaraja ya treni ndogo kwa miaka arobaini na sita: nguzo, matao, vibanda vya walinzi. Nyumbani alikuwa na daraja lake mwenyewe, la mwaka 1931, aliloachiwa na baba yake. Rangi ilikuwa imechakaa na kutu imeshika, na wanaokusanya vitu hivi wanajua kwamba uchakavu ule ndio thamani yake. Chini ya kila nguzo aliweka alama ya penseli, asije akabadilishiwa. Alimshuku kila mtu, hata msoma mita ya gesi.

Tarehe 18 Mei 1963 alimwoa Walburga, yaani mimi ninayewasomea wasifu huu. Tulijaliwa binti, Sieglinde. Alikuwa mume mwema, na tambi za mayai alizikata mwenyewe kila Jumamosi kwa sababu zangu hakuziamini.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mliyopewa. Kabla ya Pasaka ya 1994 Gerold alikuwa mapumzikoni kwa matibabu wiki tatu, na Ewald akawa anakuja kuzipaka mafuta treni ndogo za kaka yake. Gerold aliporudi alikuta daraja linang'aa. Akamwita Ewald, akaligeuza.

“Alama zangu ziko wapi?”

“Kaka, mimi sijaligusa.”

“Basi zimetembea zenyewe.”

Akasema Ewald amechukua la zamani na kumwekea la bandia. Ewald akanigeukia: “Shemeji, sema basi. Wewe ulikuwepo.” Nikajibu kwamba mambo ya madaraja mimi siyajui. Akachukua kofia yake, na kwetu hakukanyaga tena miaka ishirini na minane.

Nilikuwa nayajua. Wakwe wa Sieglinde walikuwa wanakuja, na mtaa wetu mnaujua, jirani anapitisha kidole kwenye ngazi zako kutafuta vumbi. Nikaliona lile daraja chafu, nikalisugua kwa magadi na brashi. Ikatoka rangi, ikatoka kutu, zikatoka na alama. Tena nilijisifu. Gerold alipoanza kufoka, nikaogopa, na aibu ile imenila mpaka leo.

Moyo wake ulianza kusumbua mwaka 2020. Alilazwa tarehe 2 Novemba 2022, na hapo nikamweleza yote. Alinitazama sana. “Ewald amekutuma?” Nikaapa. Akasema, “Hata wewe, Walburga, unamtetea.” Alifariki tarehe 9, saa nne asubuhi, akiwa bado anaamini hivyo.

Marehemu ameacha mjane aliyekuwa mwoga, binti, mkwe, wajukuu wawili, na mdogo wake, Ewald Häfele, ambaye hakuiba kitu. Ewald amekaa kule nyuma karibu na mlango. Shemeji, njoo ukae mbele na ndugu zako wa damu. Nitangoja.

Gerold, sasa pumzika. Hakuna aliyekuibia.