Mama Jenipher Akello Owiti, Nesi wa Gerezani, Si wa Milimani

Programu mliyo nayo mkononi, ukurasa wa pili, msiusome. Unasema marehemu alikuwa nesi wa kutunza wazee majumbani kule Milimani, mtaa wa matajiri. Niliyeandika ni mimi Sheryl, kifungua mimba wake, na ni uongo. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia hapa mbele ya jeneza. Haya niliyoandika kwa mkono leo asubuhi ndiyo ya kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, Asembo Bay, binti wa tatu wa muuza samaki. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, akaendelea na sekondari, na mwaka 1984 akahitimu uuguzi mjini Kisumu. Kofia yake ya kuhitimu aliiweka kwenye mkebe wa biskuti. Tulipougua utotoni, aliivaa kwanza ndipo atupe dawa.

Desemba 1987 aliolewa na baba yetu, marehemu Mwalimu Owiti, hapa Pap Onditi. Mungu akawajalia watoto watatu.

Alifanya kazi hospitali ya misheni kuanzia 1985. Ilipofungwa mwaka 2009, alipata nafasi mbili ndani ya wiki moja. Familia ya Mzee Sukhdev wa Milimani ilimtaka amtunze mzee huyo nyumbani: mshahara mzuri, chakula, Jumapili mapumziko. Nafasi ya pili ilikuwa zahanati ya gereza. Nilimsihi achukue Milimani.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, "yule mzee akikohoa, watu wanne wanakimbia. Kule ndani mtu akikohoa, nani anakimbia?"

Akaenda gerezani, akakaa huko hadi alipostaafu 2022.

Mimi niliona haya. Wakwe walipoleta mahari mwaka 2014, nilikuwa nimeshawaambia anafanya Milimani. Mama mkwe akamuuliza, "Huyo mzee wako anaendeleaje?" Mama akanitazama kidogo, akajibu, "Anaendelea vizuri, anakula." Hakuwa mtu wa uongo. Alidanganya kwa ajili yangu, na hakunilaumu hata siku moja.

Februari 2024 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukakataa. Manesi wawili niliowaajiri waliacha kazi. Ndipo akaja Masinde. Masinde aliwahi kufungwa miaka mitano. Mama alimsafisha kidonda cha mguu miezi saba, kisha akamfundisha kusaidia pale zahanati.

"Dada, kugeuza mgonjwa nilifundishwa na yeye mwenyewe," aliniambia.

Nilimkubali shingo upande, nikatia kabati kufuli. Alimgeuza Mama kila baada ya saa mbili, na mgongo wake haukupata kidonda hata kimoja. Wakwe walipokuja kumwona, niliwaambia huyo ni mtu wa ng'ombe. Mama, ambaye maneno yalimtoka kwa shida, akainua mkono wa kushoto.

"Huyo nesi wangu," akasema. "Wa gereza. Kama mimi."

Siku hiyo nilitamani ardhi inimeze kwa sababu yake. Leo natamani inimeze kwa sababu yangu.

Alifariki tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, Masinde akiwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa kazini Kisumu.

Ameacha watoto Sheryl, Oduor na Atieno, wajukuu watano, na Masinde, nesi wake. Masinde, najua uko nyuma ya jikoni unapasua kuni. Ni mimi niliyekutuma huko ili wageni wasikuone. Weka shoka chini, uje. Hiki kiti cha mbele ni chako, mimi nitasimama.

Mama, lala kwa amani. Uongo wangu umeubeba vya kutosha.