Mkono wa Lyle na Mizani ya Wren

Ndugu, majirani, na wakulima wenzetu mlioacha mavuno mkaja, familia imenituma mimi, shemeji yake, nisome maisha ya marehemu Lyle Brandvold, ambaye akisikia ninamsifu kupita kiasi angesema, "Shemeji, punguza mbolea."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 mjini Fortuna, wilaya ya Humboldt, mtoto wa pili wa mpasua mbao, akasoma hukohuko hadi akamaliza sekondari mwaka 1969, na walimu wake walilalamika kwamba haandiki kitu, anauliza maswali tu mpaka kengele inalia.

Alifanya kazi kiwanda cha mbao hadi kilipofungwa mwaka 1978, na mwaka uliofuata akapanda bangi porini juu ya Honeydew, enzi zile ambazo helikopta ikisikika sote tunajibanza chini ya miti, na kwa kuwa maji aliyapandisha mlimani kwa mgongo wake, hakuupa mmea hata tone kabla ya kuinua ndoo uliyopandwa na kuamua kama una kiu kweli au unadeka.

Tarehe 6 Juni 1981 alimwoa dada yangu Marlene, wakajaliwa mtoto mmoja, Wren, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1986, akasomea uhandisi, akarudi mwaka 2018 walipopata leseni ya kulima bangi kihalali, akaweka mizani chini ya ndoo zote za mimea kwenye banda lao jipya, ndoo ikiwa nyepesi kompyuta inafungua maji yenyewe, na asubuhi ya kwanza Lyle akapita kama kawaida yake akiinua moja moja, mizani ikasoma sufuri, kompyuta ikadhani ukame umeingia, maji yakamwagika hadi mlangoni. "Baba, usiguse!" akafoka Wren, naye Lyle akamjibu, "Nisiguse mimea yangu, kwani hapa ni makumbusho?"

Walinuniana wiki nzima, lakini Lyle hakuweza kukaa na swali tumboni, akamfuata binti yake na kumuuliza, "Hiyo mizani yako ikikosea, inajuaje?" na wote wawili wakacheka, na tangu hapo wakawa wanapita pamoja, baba anainua na kusema "bado" au "mpe," binti anaingiza kwenye kompyuta namba ya uzito ambao ndoo ikiufikia maji yafunguke, na kila msimu ukikaribia mavuno namba zile zilipanda, wala hakuna aliyeuliza sababu, tulidhani mzee anadekeza maua yake.

Mwaka 2022 ugonjwa wa sukari ulimletea ganzi vidoleni, na Septemba ya mwaka huu wa 2023, mizani iliposema maji yapo na mkono wake ukisema mpe, Lyle aliogopa, jamani, wala hakuficha, aliogopa kwamba mkono umekufa kabla yake, akamwuliza kila aliyepita, hata mleta barua, nani anadanganya kati ya mkono na mizani, na mwishowe akamwambia Wren, "Fuata mizani, mwanangu, mimi nimeshaharibika." Kesho yake alilazwa hospitali mjini Eureka, na tarehe 3 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, moyo wake ukasimama.

Juzi Wren alikuta majani yamelegea bandani na mizani bado inasema maji tele, na kwa kuwa hakuwa na wa kumuuliza, akafanya kile alichomkataza baba yake, akaingiza kiganja chini ya ndoo, akaiinamisha kidogo kabla ya kuiinua kama alivyomwona akifanya maisha yake yote, akasikia uzito uko juu na chini kwepesi, kumbe mmea ulikuwa umenenepa kwa maua, na mizani ilikuwa ikiyahesabu maua kama maji, na ndiyo maana namba za mzee zilipanda kila mavuno. Ameirekebisha kompyuta iondoe uzito wa maua kwenye hesabu, na mimi alinifundisha kuinamisha ndoo, nikavunja tawi moja, akanifukuza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia na maswali yake, majirani mliotuletea vyakula hadi meza ikajaa, na wafanyakazi wenzake mnaoendelea kuvuna kwa niaba yake.

Shemeji, swali lako limepata jibu, mkono wako ulikuwa mzima. Mimea imekunywa maji. Pumzika kwa amani.