Anatole Wilondja, Mwenye Alikuwa Anachajia Baraka Nzima Simu

Bapendwa bote benye mumekuja kulia pamoja na sisi hapa muji wa Baraka, leo alhamisi tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 2024, padri wetu, bamama, bababa, majirani, na motari wenzangu ba pikipiki benye mumeegesha moto zenu pale inje na munaziangalia kuliko munavyoniangalia mi, naitwa Bertin, mi ni mutoto wa dada mukubwa wa marehemu, niliacha masomo mwaka wa tano ya primaire na sijaonaka haya, na familia imenipa mi karatasi hii juu Placide, mutoto wa kwanza wa marehemu, yeye mwenye ni mwalimu, sauti yake imekatika tangu juzi, na yangu, munajua bote, haikatikake.

Mbele ya kuanza, tusijifiche. Kuko batu hapa benye banasema chini chini kama leo tunazika mutu mwenye alisaidia magaidi, na kuko benye balikuja lakini balikaa mbali kidogo na sanduku, nimebaona, na sibakasirikii, juu neno lile liliandikwa na bakubwa kwa karatasi yenye cachet, muhuri ya serikali, na cachet inaogopesha. Marehemu amekufa mbele ya hukumu, na avocat wetu wa kututetea, maître Isidore, alituelezea kama mushitakiwa akikufa dossier inafungwa, hakuna mutu atasema alikosa, hakuna mutu atasema hakukosa. Basi historia hii inabaki peke yake ya kujibu, na mi ninaomba musiondoke mbele ya mwisho.

Marehemu Anatole Wilondja alizaliwa Kilembwe, siku ya mungu, jumapili, tarehe 9 mwezi wa tatu 1969, mutoto wa tatu wa mulimaji na mama mufinyanzi, na alibatizwa mwaka ule ule. Alianza masomo ya primaire palepale Kilembwe mwaka 1976, akamaliza 1982, akaingia secondaire, akafika mwaka wa ine, na akaacha 1986, si juu ya ubishi kama mi, ila juu baba yake alikufa na shamba lilikuwa linangoja mutu. Alikuwa mupole, alikuwa anaandika muzuri sana, na alikuwa anaimba vibaya sana, hata korali ya parokia ilimuomba kwa upendo abebe vitabu tu.

Kuhusu ndoa, alifunga ndoa takatifu na mama Immaculée siku ya posho, jumamosi, tarehe 22 mwezi wa munane 1992, na Mungu akabapa batoto bane, mumoja alituacha akiwa mudogo, bakabaki Placide, Rosette na Merveille. Mi niko wa tano, hata kama sikuzaliwa mule, juu mama yangu alipokufa mwaka 2004, tukiwa kambini Tanzania, yeye njo alinichukua, na kama munaniona leo na adabu kidogo, ni yake, na yenye kubaki ni yangu.

Kuhusu kazi, alianza kutengeneza radio Kilembwe mwaka 1989, vita vya 1996 vikamutoa, akavuka ziwa na bibi yake na mutoto mumoja mugongoni, akakaa kambini Tanzania miaka kumi na moja, na kule njo alijifunza kazi ya panneau solaire. Alirudi mwezi wa munane 2007, akafungua kibanda karibu na soko hapa Baraka, panneau mbili juu ya bati, batterie za gari tatu chini ya meza, na tangu siku ile mpaka siku ya kukamatwa alichaji simu za kila mutu. Bavuvi balimuletea, bauza ndagala, zile dagaa, balimuletea, askari balimuletea, na siku za soko mama mumoja alikuwa anashuka kutoka milimani na simu za kijiji kizima ndani ya kitunga, za Kilembwe, za bachungaji ba ngombe ba Bibokoboko, zote pamoja. Kuko benye balimukasirikia juu ya zile za Bibokoboko, za batu ba kabila ingine, na yeye alibajibu tu kama panneau haina kabila, kisha akaendelea kupangusa vumbi.

Munakumbuka desturi yake ya sparadrap, ile plasta ya kidonda. Mwaka 2011 alirudishia katekista simu ya muuza ndagala, zilikuwa sawasawa, na bibi wa katekista akapokea mwanamuke mwenye aliuliza mara tatu ndagala zinafika saa ngapi, akazani ni lugha ya siri, na ile nyumba ilitikisika wiki mbili. Tangu pale mujomba alibandika kila simu kipande cha sparadrap mugongoni, akaandika jina kwa ile mwandiko yake muzuri, jina lolote lenye mutu alimwambia, Mama Mapacha akaandika Mama Mapacha, Mwamba akaandika Mwamba, hakuuliza mara mbili, alisema jina ni la mwenye kulibeba. Kwa miaka kumi na mbili hakuna simu ilipotea pale, hata moja, na mutu yeyote wa Baraka mwenye iko na ubishi aje nimusikilize.

Sasa tunafika kwa mateso. Siku ya posho tarehe 16 mwezi wa kenda 2023, kisha batu ba silaha kushambulia gari kwa barabara ya milimani, askari balipita kibanda kwa kibanda, na kwake balikuta katika sanduku simu makumi ine na moja, na moja ilikuwa na sparadrap yenye iliandikwa Colonel wa Pori. Balimuuliza ya nani, akajibu ni ya mukiriya mumoja mwenye kuleta simu, sijui analala wapi. Balifungua ile simu, bakakuta majina ndani, Général, Major, Chef wa Bunduki, bakapiga, na kila mwenye alipokea, kisha kusikia sauti ya kijeshi, alifunga simu yake na hakuifungua tena. Mujomba alipandishwa kwenye gari na sandali moja, ile ingine Mama Mwanahamisi jirani yetu aliikimbiza mpaka barabarani, gari haikusimama.

Balimusomea sheria. Nimeiomba, maître Isidore alinipa kopi, na mi mwenye nilishindwa hesabu ya kugawanya niliisoma mara saba, na niwaambie kweli, ile sheria haiko mbaya, inakataza mutu kupatia magaidi feza, chakula, dawa, usafiri ao njia ya kuongea, kwa kujua, na sisi bote hapa tumezika batu juu ya wale bandugu ba pori, nani atakataa sheria kama ile. Balisema umeme wake ni njia ya kuongea. Balisema sparadrap inaonyesha alijua. Maître alisema ile neno, kwa kujua, ndani yake njo kuko maisha ya mutu huyu, na alirudilia vile kila audience ya mahakama, na kila audience ilisogezwa, mara juge alihamishwa, mara shahidi hakufika, mara dossier ilikuwa kwa bureau ingine, mara mvua. Mama Immaculée alisafiri kwenda gereza ile ya mbali mara makumi tatu na moja, na sombe ya muhogo, na ugali, na shati zenye kupigwa pasi, na mara zingine hawakumuacha aingie, anarudi na sahani ikiwa baridi, anakaa pale mulangoni. Tulichoka. Sijui namna ingine ya kuandika ile mwaka, tulichoka mpaka kulia kulituchosha.

Na kibanda kilifungwa, na Placide baliacha kumuita kwa mikutano ya masomo, na Merveille, mwenye alikuwa aolewe na kijana Wilfried mwezi wa kumi na mbili mwaka ule, bazazi ba Wilfried balikuja na adabu, bakakunywa chai yetu, bakasema batarudi siku jina la baba litakuwa safi. Bababa ba Wilfried, niko nabaona pale chini ya bâche, ile turubai ya bluu, asante kwa kuja, kaeni, hii historia inawahusu.

Kuhusu ugonjwa, damu yake ilianza kupanda mwezi wa tatu mwaka huu, miguu ikavimba, maître aliomba mara ine aachiliwe kwa muda atunzwe, na ruhusa ilipatikana jumatatu tarehe 4 mwezi huu, baganga ba hospitali balijitahidi, lakini alikuwa amefika kama nguo yenye imefuliwa mara mingi. Alikata roho juzi jumanne, tarehe 19, saa ine ya asubui, mukono wake ndani ya mukono wa bibi yake, akiwa na miaka makumi tano na tano.

Hapa karatasi ya familia inaishia. Yenye kufuata sikuonyesha mutu, mama Immaculée unisamehe, unasikia pamoja na bote.

Ile simu ni yangu. Colonel wa Pori ni mi. Mi, Bertin, mwenye sijashikaka hata manati ya ndege, njo nilijipa ile jina hapa parking, juu nilikuwa napita barabara ya Kilembwe kuliko motari wote na nilitaka bamadada bajue, nililipaka hata kwa garde-boue ya moto, ile bati juu ya gurudumu, na siku ile nilimupa mujomba simu yangu ya pili nikamwambia, mujomba, andika Colonel wa Pori, batu bajue kwako bakubwa banafika. Akacheka, akaniambia, we Colonel wa kukimbia kuosha sahani, na akaandika, juu yeye anaandikaka jina lenye mutu anamwambia. Général ni huyu hapa mbele, na shati ya njano, anauza essence ya moto kwa chupa. Major ni kaka yake. Chef wa Bunduki hana hata fimbo. Carte SIM niliinunua barabarani, ilikuwa kwa jina la mutu sijamujua. Siku balimuchukua, nilikwaruza garde-boue yangu kwa kisu mpaka chuma ikaonekana.

Nilienda kumuona gerezani mwezi wa kumi 2023, nikamwambia nitasema. Alinishika sikio kama zamani, akaniambia pole pole: Bertin, we tangu uzaliwe hujasema kitu batu bakaamini, leo ukisema uko Colonel wa mchezo, njo siku moja batakuamini, lakini neno Colonel tu, na kama bataamini we ni Colonel wa kweli, mutoto wako atakuona hapa. Mi bakiniuliza, nasema sijui, bataniuliza mpaka bachoke. Uko na mutoto wa miezi tatu. Nyamaza.

Na mi, mwenye sinyamazake, nikanyamaza. Miezi kumi na tatu. Nilipita mbele ya mama Immaculée na moto, nikamubebea sahani zake, nikala ugali kwake, nikanyamaza. Mujomba alichoka mbele bale ba kumuuliza bachoke, bandugu, njo kitu nimekuja kusema, hakujua gaidi hata mumoja, alijua mpwa wake.

Kesho ijumaa, saa mbili ya asubui, naenda kwa bureau ile yenye iko na dossier, na maître Isidore, naenda na Général na Major, balikubali, walilia lakini balikubali, tutatoa maneno yetu na tutatia sahihi, na yenye batatufanya batufanye. Nikikawia kurudi, moto yangu iende kwa mama Immaculée, Placide atajua kuiendesha, inavuta kidogo kushoto.

Familia inashukuru baganga na bauguzi benye balimuhudumia siku zake za mwisho, inashukuru maître Isidore mwenye hakuchoka wakati sisi tulichoka, inashukuru Mama Mwanahamisi na jamaa yake, benye balichinja mbuzi na kuleta mchele bila kuuliza marehemu ni wa dini gani ao wa kosa gani, inashukuru bafanyakazi wenzake ba soko, korali, padri wetu, na ninyi benye mulikaa karibu, na ninyi benye mulikaa mbali, mukaribie sasa.

Mujomba Anatole, nimesema. Umelala muda mufupi sana ile mwaka, lala sasa, amani ya Bwana ikufunike.