Chungu cha Kabugho Kimenyamaza

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Jamidah hapa Bwera, njia ya kwenda mpakani. Kahawa yake inatoka Kyarumba na juu ya hilo hatubishani. Tunabishana juu ya mengine yote. Jumatano hiyo ya mwaka 2018 Vasta alikuwa amerudi kutoka Kasese, uso umemshuka. Kuna nyumba ndogo ya makumbusho kule, na msanii mmoja mgeni amepanga vyombo kumi na viwili vyenye matumbo wazi: vibuyu, ngoma, vyungu. Kila kimoja kimetiwa maiki mdomoni. Hewa ya ndani ina mvumo wake, mashine inaukuza, na vyombo vinaimba kwa pamoja. Vasta alikuwa amewaazima chungu cha marehemu mama yake, Kabugho, wakaandika jina la mama kwenye karatasi ukutani. Kumi na kimoja vinaimba. Cha Kabugho kimya. Kisipolia kufikia Ijumaa, kitaondolewa pamoja na karatasi yake.

— Iko betri, akasema Nobert. Huyu tunamwita Betri. Anachaji simu za watu kwa sola, na kila ugonjwa duniani kwake ni betri.

— Betri gani? Zile zingine zote iko kwa mashine moja, akajibu Vasta.

— Basi waya yako imechoka.

Semu akakohoa. Yeye ni Afande; aliwahi kuwapikia wanajeshi miezi miwili na cheo hakijamtoka mpaka leo.

— Sikiliza! Hiyo chungu ilizaliwa Kyarumba, juu, kwa baridi. Kasese iko moto. Koo imekauka.

— Basi muipatie maji, akasema Jamidah huku akimimina.

— Hapana, Betri akarukia. Shida ni lugha. Mashine ya muzungu inajua Kingereza. Chungu ya mama Kabugho inajua Lhukonzo peke yake.

— Na ile ngoma ya kutoka kijiji cha Munkunyu? Ilisoma wapi? akauliza Vasta.

— Ngoma hata mulevi anaielewa.

— Niseme ukweli? Afande akasimama kabisa. Mama amegoma! Hiyo chungu aliibeba kwa kichwa, kwa miguu, kutoka kule juu. Leo munaipeleka na gari, hata hamukumuaga. Ingekuwa kwa kambi, tungeifungia ndani mpaka iongee.

Tulicheka. Vasta hakucheka, nami nikaona aibu, maana nilikuwa naandaa nadharia yangu ya mashetani.

— Mama hajaandikwa vizuri mahali popote, akasema. Kwa kitambulisho walikosea jina. Kwa kaburi, saruji ilivunjika. Ile karatasi ya Kasese tu ndiyo iko na jina yake sawasawa.

Marie-Louise, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, Kongo, ndiyo kwanza alikuwa ametua furushi lake. Hata kikombe kilikuwa hakijamfikia.

— Pardon, mama. Ile chungu uliipeleka mutupu?

Vasta akamgeukia kama aliyetukanwa.

— Mutupu? Chombo ya mama yangu itoke kwa nyumba mutupu? Watu watasema nini? Nilijaza maharage mpaka kwa shingo!

Jamidah akabaki ameshika birika hewani. Kwetu hata sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kumlaumu. Vasta akampigia Mugenyi, mlinzi wa makumbusho, akaweka spika.

— Maharage? Ndiyo mama, tuliiona. Maiki tuliichomeka katikati yake. Hapa tuliambiwa, kitu ya wenyewe, tusitoe chochote ndani.

— Mwaga! Afande akaamuru.

— Nyamaza, Semu.

Vasta hakuwa amewahi kumwita kwa jina hilo. Afande akaketi.

— Hiyo ni yake, akasema Vasta. Yeye mwenyewe aliivuna, ya mwisho, mbele ya kufa.

Betri akatazama viatu vyake. Simu ilikuwa inakula pesa.

— Mugenyi.

— Ndiyo, mama.

— Hiyo maharage ilaze kwa maji leo, iko ngumu. Kesho mupike, mukule wote, na ule mugeni akule. Mumalize. Halafu murudishe maiki, mumusikilize.

— Sawa, mama. Na chumvi?

— Weka kidogo. Hakupendaga mingi.